Katuni ya Pambano Lililofutwa: Joe Louis, Billy Conn na Mwaka 1942

Joe Louis na Billy Conn walipigana mara mbili, Juni 1941 na Juni 1946. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na pambano lingine, lile ambalo halikupiganwa. Lilipangwa kufanyika New York tarehe 12 Oktoba 1942, mabondia wote wawili wakiwa tayari wanajeshi wa Marekani, mapato yaende kwenye mfuko wa kuzisaidia familia za askari. Magazeti yalilitangaza, mashabiki wakaanza kubishana, wachora katuni wakanoa penseli. Mwishoni mwa Septemba Waziri wa Vita, Henry Stimson, akalifuta.

Nimekaa na katuni moja iliyochorwa kwa ajili ya pambano hilo. Iliniteka kuliko mchoro wowote uliowahi kupita mikononi mwangu, na mambo iliyonifundisha nayatumia hadi leo kila nikipewa karatasi ya zamani.

Kazi yangu ni kutengeneza fremu. Naishi Pittsburgh, Pennsylvania, ambao ndio mji wa Billy Conn. Alizaliwa hapa mwaka 1917. Karakana yetu hupokea kila aina ya karatasi: vyeti, ramani, barua za askari, picha za harusi zilizoliwa na unyevu. Mama mmoja mtu mzima alileta katuni hii ikiwa katikati ya kurasa za kitabu kikubwa cha picha. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha uchapaji cha gazeti. Si kipande kilichokatwa gazetini. Ni mchoro wenyewe, wa wino na krayoni, na rangi nyeupe pale mchoraji alipobadili mawazo. Jina la mchoraji silitaji kwa sababu familia imeomba hivyo.

Nilikulia Tanga, na katika ujana wangu nilipigana ngumi za ridhaa, kwa hiyo jina la Joe Louis halikuwa geni kwangu. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka ulingoni, na yeye ndiye aliyenizoesha kusoma katuni. Enzi zake alikuwa akilinunua gazeti la Uhuru na kumtafuta Chakubanga, mhusika wa katuni zake, kwanza, habari baadaye. Alikuwa akisema katuni haisomwi kwa kicheko cha kwanza. Itazame tena baada ya kucheka. Maneno yake niliyakumbuka sana nilipouweka mchoro huu mezani na kuuwashia taa.

Una upana wa karibu nusu mita. Kulia amesimama Louis, kushoto Conn, wote wamevaa sare za jeshi, glavu zimefungwa kwa kamba na kuning'inia shingoni. Katikati yao kuna lori la jeshi, na juu ya lori pamejengwa ulingo mdogo, nguzo nne na kamba zake. Chini ya ulingo kuna ndoo iliyojaa noti. Mkono wa kushoto wa Conn umefungwa bandeji. Pembeni, chini kabisa, kuna mtoto mchanga analia. Ukutani nyuma ya Conn pameandikwa namba 13, kubwa, imekaa upande. Na kwa mbali, nyuma ya ukuta mwingine, kichwa cha Hitler kinachungulia, jasho linamtoka.

Mtu wa mwaka 1942 angeuelewa mchoro huo kwa sekunde chache. Mimi ilinibidi nimfuatilie mtoto anayelia.

Kabla ya mtoto, hata hivyo, nieleze jinsi ulivyochorwa, maana hapo ndipo mtengeneza fremu huanzia. Karatasi yake ni nene, ina vipele vidogo vidogo ambavyo ukipitisha kidole unavisikia. Wachora katuni za michezo wa Marekani wa kipindi hicho waliipenda sana. Ukipitisha krayoni ya mafuta juu yake, krayoni inagusa vilele vya vipele na kuacha mabonde meupe, hivyo kivuli kinakuwa mkusanyiko wa nukta nyeusi. Gazeti lilichapwa kwa bamba la zinki, na bamba la aina hiyo halijui kijivu; linajua nyeusi na nyeupe tu. Nukta za krayoni ziliupa mchoro misuli, jasho, moshi na usiku bila gharama ya kutengeneza bamba la picha. Ndiyo maana ngumi zilichorwa vizuri mno zamani zile. Mwili wa bondia ni vivuli, na wachoraji walikuwa na njia ya bei nafuu ya kuchora kivuli.

Walichora kwa ukubwa wa mara mbili hivi ya ule utakaotokea gazetini, ili mchoro ukipunguzwa makosa madogo yajifiche. Maelekezo ya vipimo waliyaandika kwa penseli ya bluu, kwa sababu filamu ya wachapaji haikuiona bluu. Katuni hii ina alama hizo za bluu kando zote nne. Wateja wengi huniomba nizifiche chini ya karatasi ya pambizo, wakiona ni uchafu. Nilimwomba yule mama aniruhusu niziache wazi. Kando ya mchoro ndipo kazi ya watu wengine huonekana: mhariri, mpiga picha wa bamba, mchapaji kama baba yake.

Sasa namba 13. Hiyo inaturudisha tarehe 18 Juni 1941, uwanja wa Polo Grounds, New York. Louis alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu 1937. Conn alikuwa bingwa wa uzito ulio chini ya huo, akauacha mkanda wake ili apande kumfuata. Kwa mizani iliyotangazwa, Louis alikuwa na kilo 90 na Conn kilo 79. Watu zaidi ya elfu hamsini waliingia. Raundi mbili za mwanzo Conn alihangaika, kisha akaanza kucheza mchezo wake: konde la kushoto, hatua mbili pembeni, konde, ametoka. Kufikia raundi ya 12 alikuwa anaongoza kwa kadi mbili za waamuzi kati ya tatu, na ya tatu ilikuwa sare. Katika raundi hiyohiyo alimtikisa bingwa kwa konde la kushoto mpaka Louis akamshikilia ili asianguke.

Pambano lilikuwa la raundi 15. Conn alihitaji kukimbia na kugusa tu kwa dakika chache zilizobaki, na kona yake, yaani wasaidizi wake, ilimwambia hivyo. Yeye akaingia raundi ya 13 akitafuta KO, yaani kumwangusha mpinzani asiinuke. Akasimama mbele ya Joe Louis, akabadilishana naye makonde, na zikiwa zimebaki sekunde mbili raundi iishe, mwamuzi alimaliza kumhesabia Conn.

Nimepigana ngumi, si kwa kiwango cha hao, lakini najua kinachompata bondia anayeona mpinzani wake amelegea magoti. Mwili mzima unakuambia nenda. Wanaomwita Conn mjinga kwa raundi ile hawajawahi kusimama pale. Tena mama yake mzazi, Maggie, alikuwa anakufa kwa saratani nyumbani Pittsburgh wakati mwanawe anapigana; alifariki siku chache baadaye. Kijana wa miaka 23 mwenye habari hiyo kifuani haendi ulingoni kukusanya pointi.

Hapa Pittsburgh wazee bado wanasimulia usiku huo kwa kupitia mpira wa besiboli. Timu ya mji, Pirates, ilikuwa inacheza na Giants ya New York uwanja wa Forbes Field. Mechi ilisimamishwa karibu saa nzima, wachezaji wakarudi kwenye mabenchi yao, na matangazo ya redio ya pambano yakafunguliwa kwenye vipaza sauti vya uwanja ili mashabiki wasikilize kijana wao akimpiga bingwa wa dunia. Walimsikia mpaka raundi ya 13. Kisha mechi ikaendelea, ikaisha sare ya 2 kwa 2. Namwazia kila mchezaji aliyerudi kushika gongo baada ya kusikia hivyo.

Siku nne baada ya pambano hilo Ujerumani iliivamia Urusi. Desemba, Japani ilishambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani.

Mtoto anayelia ni mwana wa Conn. Wiki mbili tu baada ya kupigwa KO alimwoa Mary Louise Smith, binti wa Jimmy Smith, mtu aliyewahi kucheza besiboli ya kulipwa na asiyetaka kabisa binti yake aolewe na bondia. Mwaka 1942, marudiano na Louis yakiwa yamepangwa kiangazi kile, familia ilikutana kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto ili mkwe na baba mkwe wapatane. Maneno yakaanza, ngumi zikafuata. Conn alimpiga baba mkwe wake kichwani, akavunjika mkono wa kushoto. Marudiano yakasogezwa mbele hadi Oktoba. Ndiyo bandeji ile, na ndiyo machozi ya mtoto.

Nilipolifahamu hilo nilielewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika miaka yote ya kushika michoro. Mchora katuni wa michezo hakuwa akichora tukio. Alikuwa akichora kumbukumbu ya wiki hiyo, mambo ambayo msomaji alikuwa nayo tayari kichwani alipofungua gazeti asubuhi. Wiki ikipita, nusu ya mchoro inakuwa bubu. Tangu hapo, mteja akiniletea katuni ya zamani namuuliza tarehe kabla ya kumuuliza rangi ya fremu. Nikipata tarehe, naenda maktaba kusoma magazeti ya wiki ile, hata matangazo ya biashara. Si sehemu ya kazi ninayolipwa, lakini nimeona watu wakitokwa na machozi walipoelezwa kitu kidogo kilichochorwa kwenye kona, kitu ambacho babu yao alikielewa bila kuelezwa.

Ndoo ya noti ilichukua muda zaidi.

Joe Louis alikuwa ametoa mengi kabla ya Oktoba kufika. Tarehe 9 Januari 1942 alipigana na Buddy Baer katika Madison Square Garden, akahatarisha ubingwa wake, na pochi yake, yaani malipo ya bondia kwa pambano, akaitoa kwa mfuko wa misaada wa Jeshi la Majini. Siku chache baadaye akajiunga na Jeshi la Nchi Kavu kama askari wa kawaida. Machi akapigana na Abe Simon, safari hii pochi ikaenda kwa mfuko wa Jeshi la Nchi Kavu. Mwezi huohuo alisimama kwenye hafla ya Jeshi la Majini na kusema kuwa Marekani itashinda kwa sababu iko upande wa Mungu. Serikali ilitengeneza bango lenye picha yake akiwa na sare, ameshika bunduki yenye singe, na maneno yake hayo chini.

Pambano la Oktoba lingekuwa kubwa kuliko hayo mawili. Lakini kwenye mpango wake kulikuwa na kipengele: sehemu ya mapato ingelipa madeni ya mabondia. Louis alikuwa na deni kwa promota Mike Jacobs na kwa meneja wake John Roxborough. Conn naye alikuwa na deni kwa Jacobs. Kwa jumla ilizidi dola 130,000. Stimson alipoliona hilo aliona si haki askari wawili watumie utumishi wao wa jeshi kumaliza madeni yao binafsi, wakati mamilioni ya wenzao wana madeni vilevile na hawana ulingo wa kuyalipia. Akafuta.

Nimeufikiria uamuzi huo mara nyingi. Kwa maana ya kanuni ninaukubali. Kwa maana ya ubinadamu unanichoma, kwa sababu ya kilichomkuta Louis baadaye. Mtu aliyetoa pochi mbili za ubingwa wa dunia, akazunguka kambi kwa karibu miaka minne akicheza ngumi za maonyesho mbele ya askari wapatao milioni mbili, alitoka jeshini akiwa na madeni. Kodi ikaongezeka juu ya madeni, riba juu ya kodi, na kufikia miaka ya 1950 alidaiwa zaidi ya dola milioni 1. Alirudi ulingoni mzee kwa sababu hiyo. Mwaka 1951 Rocky Marciano alimpiga mpaka akatoka nje ya kamba. Baadaye aliingia hata kwenye mieleka ya maonyesho ili apate hela. Noti zilizojaa kwenye ndoo ya katuni ile, kila nikizitazama, naona ni deni la mtu mmoja limechorwa kama zawadi kwa wote.

Jambo lililonikaa zaidi moyoni ni sare zao za jeshi.

Katika katuni, Louis na Conn wanalingana. Kofia sawa, vifungo sawa, urefu karibu sawa. Mchoraji aliwaweka hivyo kwa makusudi: wapinzani wawili, mmoja Mmarekani mweusi wa Detroit, mwingine mzungu wa asili ya Ireland kutoka Pittsburgh, upande mmoja dhidi ya adui mmoja. Ni mchoro wa nia njema. Lakini Jeshi la Marekani la 1942 lilikuwa limetenganishwa kwa rangi, kambi kwa kambi, kikosi kwa kikosi. Jeshi la Majini ambalo Louis alilipigania Januari lilikuwa likiwaweka mabaharia weusi jikoni na mezani, kuwahudumia maofisa. Dorie Miller, aliyekamata bunduki ya rasharasha kwenye meli ya USS West Virginia siku ya Pearl Harbor na kuwafyatulia Wajapani bila kuwahi kufunzwa kuitumia, alikuwa mhudumu wa mezani. Alikuwa pia bingwa wa ngumi wa uzito wa juu wa meli hiyo.

Gazeti lililopigania Miller atambuliwe lilitoka mji huuhuu: Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi lililosomwa nchi nzima. Februari 1942, kama wiki nne tu baada ya Louis kupigana na Baer, Courier lilianzisha kampeni ya ushindi wa aina mbili, ushindi dhidi ya maadui wa nje na ushindi dhidi ya ubaguzi wa ndani. Nembo yake, herufi mbili za V na tai, ilichorwa na msanii wa gazeti hilo, Wilbert Holloway. Ilishonwa kwenye kofia, ikavaliwa vifuani, ikabandikwa madirishani.

Kwa hiyo mwaka mmoja, mji mmoja, kulikuwa na michoro miwili. Mmoja unasema: hawa wawili ni sawa, watazameni. Mwingine unasema: tupeni usawa huo. Nilipopata nakala ya ukurasa wa Courier wa mwaka ule na kuuweka kando ya katuni juu ya meza yangu ya kazi, katuni ilibadilika mbele ya macho yangu. Haikuwa ya uongo. Ilikuwa ahadi, na ahadi husomwa pamoja na daftari la aliyeahidiwa. Nimejizoeza hivyo tangu wakati huo: sisomi gazeti moja la mwaka wowote bila kutafuta lile lililosomwa mtaa wa pili.

Louis mwenyewe aliujua mtaa wa pili vizuri. Mwaka 1944, akiwa kambi ya Camp Sibert huko Alabama, jimbo alilozaliwa, yeye na bondia mwenzake Sugar Ray Robinson walikuwa kwenye kituo cha mabasi cha kambi na askari wa ulinzi akamwamuru aende kusubiri upande wa weusi. Bingwa wa dunia, mwenye sare, aliyetoa pochi zake. Alikataa. Wakakamatwa, na habari ikafika juu. Kabla ya hapo, kambi ya Fort Riley huko Kansas, alitumia jina lake kusaidia askari weusi, Jackie Robinson, baadaye nyota wa besiboli, akiwemo, wakubaliwe kwenye mafunzo ya uofisa. Wapo waliomlaumu Louis kuwa alikuwa mnyenyekevu mno kwa wakubwa. Siafikiani nao. Alikuwa na lugha yake ya kudai, na aliisema pale alipojua itasikika.

Nina jambo moja zaidi la mchoro, na hili liliniamsha usiku. Nilipoilaza taa ubavuni ili nikague kama karatasi imepinda, nikaona rangi nyeupe imepakwa nene kuzunguka mdomo na macho ya Louis, na chini yake mistari ya zamani imejitokeza kama kovu. Uso wa kwanza ulikuwa ule ambao wachora katuni wengi wa miaka ya 1930 walimpa: midomo mikubwa kupita kiasi, macho ya usingizi. Uso wa pili, uliobaki, ni wa mtu. Una taya, una paji, una macho yanayotazama. Iwe ni mkono wa mhariri au wa mchoraji mwenyewe, kuna mtu mwaka 1942 aliyeutazama uso wa kwanza na kuona hauwezi kutoka.

Nilimwita yule mama aje aone kwa macho yake. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama rangi nyeupe ingeweza kuondolewa ili watu waone. Nikamwambia hapana, mama, tukiiondoa tutakuwa tumemrudishia Louis uso ambao mtu alihangaika kumwondolea. Tukakubaliana nipige picha chini ya mwanga wa ubavu, picha ikae kwenye bahasha nyuma ya fremu, pamoja na maelezo.

Nyuma ya mchoro kuna mstari mwekundu wa penseli, umevutwa kutoka kona hadi kona. Katuni haikutoka. Pambano lilipofutwa, nayo ilifutwa, na baba yake yule mama akaichukua kutoka mahali ambapo ingetupwa. Magazeti ya wakati huo hayakuona thamani katika michoro iliyokwisha kazi. Mingi ilichomwa au ikatumika kufungia vitu. Iliyopo leo ipo kwa sababu mtu mmoja wa chumba cha uchapaji aliipenda.

Marudiano ya kweli yalikuja 19 Juni 1946, Yankee Stadium. Kiti cha mbele kabisa kiliuzwa dola 100, bei ambayo haikuwahi kusikika, na pambano lilionyeshwa kwenye televisheni, la kwanza la ubingwa wa uzito wa juu kuonyeshwa hivyo. Mapato yalikaribia dola milioni 2. Kabla yake Louis alisema lile neno linalonukuliwa hadi leo, kwamba Conn anaweza kukimbia lakini hawezi kujificha. Na kweli miguu ya Conn ilikuwa imekwisha; vita vilikuwa vimeila. Raundi ya 8, KO. Wawili hao walibaki marafiki hadi uzeeni. Louis alifariki Aprili 1981 na kuzikwa Arlington pamoja na askari wa taifa. Max Schmeling, Mjerumani aliyempiga 1936 na kupigwa naye 1938 kwa sekunde 124, alichangia gharama za mazishi. Conn alifariki hapa Pittsburgh mwaka 1993.

Kazi ilipokamilika nilimtumia mjomba picha zote kwa simu: mbele, nyuma, na ile ya mwanga wa ubavu. Alipiga usiku wake, asubuhi yangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Sasa, huyu mtoto anayelia ni wa nani?"

Nikafurahi mno, kwa kuwa ndipo nilipoanzia na mimi. Nikamsimulia ubatizo, mkono uliovunjika, Forbes Field, madeni, Dorie Miller, kituo cha mabasi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akarudi kwenye raundi ya 13. Akasema kona ya Conn ndiyo yenye lawama. Bondia aliye na mama mgonjwa hupewa maelekezo kwa kushikwa mabega na kutazamwa machoni, si kwa kupigiwa kelele kutoka kwenye stuli. Nikamwambia hakuna mtu angemzuia yule kijana usiku ule. Akasema yeye angemzuia. Tukabishana hadi salio lake likaisha, na jioni akanitumia ujumbe akitaka nimpelekee nakala mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma yenye mstari mwekundu, azipeleke kwa vijana anaowafundisha kule Tanga.